Pumzi, Yoga na Volkeno: Mapumziko ya Ziwani kutoka Kegonga hadi Mlima Homa

Katika miaka ya hivi karibuni imezuka aina ya likizo ambayo wengi wetu tulizoea kuiona katika majarida ya kigeni tu. Mtu hulipia siku tatu au nne kando ya ziwa. Alfajiri hufanya yoga, asubuhi hukwea mlima uliozaliwa na moto wa ardhini, na jioni hurejea ziwani akanyoosha viungo na kulala mapema. Nchini Kenya mfano unaofahamika zaidi ni Naivasha, ambako wageni hulala kando ya ziwa na kwenda kukwea Longonot, volkeno yenye kimo cha mita 2,776. Lamu nako kuna tamasha la yoga, ingawa huko hakuna volkeno bali mchanga na majahazi.

Makala haya yanakusudia kueleza namna yoga na ukweaji wa volkeno vinavyoweza kuunganishwa ipasavyo katika eneo lisilotajwa sana, yaani mwambao wa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, kwa msafiri anayetoka Kegonga, Kuria Mashariki. Mwandishi ni mwenyeji wa huko Kegonga, na likizo ya Agosti iliyopita alikuwa miongoni mwa wasafiri kumi na wawili, wengi wao walimu na jamaa zao, walioijaribu safari hiyo. Aliombwa awe mkalimani, kwa kuwa kijana aliyetuongoza katika yoga alikuwa amejifunza kazi yake kwa Kiingereza, na nusu ya kundi letu hawakukifurahia Kiingereza hicho. Kwa hiyo tutaanzia penye lugha. Itadhihirika hapo mbele kwamba kosa la lugha katika likizo ya namna hii laweza kumgharimu mtu uhai.

Pumzi na mapumziko

Neno yoga limetoka katika Kisanskriti, na mzizi wake una maana ya kuunganisha au kufunga pamoja, kama wafungwavyo maksai wawili chini ya nira. Mkulima wa Kegonga anayelima shamba la mahindi au tumbaku kwa plau hahitaji maelezo marefu hapo: maksai mmoja akitangulia mno, mtaro hupinda. Vinavyofungwa nira moja katika yoga ni mwili na pumzi. Mkao wo wote unaofanywa huku mtu amebana pumzi si yoga bali ni sarakasi.

Sasa tulitazame neno letu wenyewe. Kiswahili kina pumua, kina pumzi, kina pumu kwa maradhi yanayozuia pumzi, kisha kina pumzika na mapumziko. Yaani kwa Mswahili kupumzika ni kuirudia pumzi baada ya kuipoteza kazini. Lugha nyingi huita likizo kwa majina yanayohusu ruhusa, siku takatifu au kuacha kazi. Sisi tumeita mapumziko kwa jina la kazi ya mapafu. Mtu anayetafuta sababu ya kuiweka yoga na mlima katika likizo moja asiende mbali. Mlima huinyang'anya pumzi, yoga huirudisha, na neno la likizo lilikwisha kulisema jambo hilo kabla ya sisi kuzaliwa.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama yoga si ibada ya Kihindu. Ni kweli kwamba imekulia India pamoja na falsafa na dini za huko, na anayeikataa kwa sababu hiyo ana haki yake. Lakini yoga inayofundishwa katika likizo za namna hii aghalabu ni mikao na mazoezi ya pumzi tu. Umoja wa Mataifa uliazimia mwezi Desemba 2014 kwamba 21 Juni iwe siku ya yoga duniani, na mwaka 2016 UNESCO ikaiandikisha yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Jijini Nairobi, Africa Yoga Project imekuwa ikiwafunza vijana wa mitaa ya kawaida kuwa walimu wa yoga tangu mwaka 2007. Kundi letu lilikuwa na wazee wawili wa kanisa, nao waliridhika walipoelezwa kwamba hakuna kitakachoimbwa.

Kutoka Kegonga hadi Kendu Bay

Kegonga iko karibu na mpaka wa Tanzania. Msafiri hushuka kupitia Kehancha hadi mji wa Migori, akaendelea hadi Rongo, na hapo huiacha barabara kuu na kuelekea Homa Bay. Kuanzia hapo milima huanza kubadilika sura. Ukikaribia mji wa Homa Bay utaiona Got Asego, kilima kilichochongoka kama pia iliyopinduliwa, na ng'ambo ya maji, juu ya rasi, utauona Mlima Homa wenyewe.

Jina hili huwasumbua Waswahili. Bibi mmoja katika gari letu aliuliza kwa nini tunapelekwa kupumzika kwenye mlima wa homa. Jibu ni kwamba homa hii si ile ya malaria. Waluo huuita mlima huo Got Uma au God Marahuma, kwa maana ya mlima mashuhuri, na jina lilipoandikwa na wageni likajikuta limevaa sare ya neno letu la ugonjwa.

Mlima Homa ni volkeno iliyozimika, na si ya kawaida. Sehemu kubwa ya mawe yake ni kabonatiti, mwamba wa moto ulio karibu na chokaa kuliko lile jiwe jeusi tulizoealo kuliita jiwe la volkeno. Ndugu yake aliye hai yuko Tanzania, karibu na Ziwa Natron: Oldoinyo Lengai, mita 2,962, volkeno ya pekee duniani inayotoa zaha ya namna hiyo katika zama zetu. Chini ya Homa kungali na chemchemi za maji ya moto, kwa hiyo joto la ardhini halijapoa kabisa. Na kwenye miteremko ya rasi hiyo, katika tope na majivu ya kale, wataalamu wamechimbua zana za mawe za binadamu wa mwanzo. Zile za Nyayanga, zilizotangazwa mwaka 2023, zimekadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, nazo zilikutwa pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa. Mtu anayetandika mkeka wake hapo hawezi kudai kwamba yeye ndiye wa kwanza kuja kukaa chini kando ya ziwa hili.

Tulilala Kendu Bay, na jioni ya kwanza tukaenda Simbi Nyaima. Hili ni ziwa dogo la kasoko, lenye umbo la duara, lisilofika hata nusu ya kilomita mraba. Maji yake ni ya magadi, rangi yake ni kijani kizito kwa sababu ya vijimea vidogo mno vinavyoelea ndani yake, na heroe, ambao wengi huwaita flamingo, huja kuvila. Mtaalamu atakuambia kwamba mlipuko mmoja mkubwa wa mvuke na gesi ulilichimba shimo hilo. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji chenye sherehe, akaja bikizee mwenye njaa, akafukuzwa, akaonewa huruma na mwanamke mmoja tu. Usiku mvua ikanyesha na kijiji kikazama. Hadithi mbili hizi hazigombani kama inavyodhaniwa. Zote mbili zasema kwamba ardhi hii ilipata kufunguka ghafla chini ya miguu ya waliokuwa juu yake.

Utaratibu wa siku ya kukwea

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na matangazo ya biashara huwasaidia kukosea. Picha huonyesha mtu amejikunja mapajani alfajiri, kisha picha ya pili amesimama kileleni. Kati ya picha hizo mbili kuna jambo halikusemwa. Tafiti nyingi za michezo zimeonyesha kwamba kuunyoosha msuli na kuushikilia hapo kwa zaidi ya dakika moja, kabla tu ya kazi ya nguvu, huupunguzia nguvu kwa muda. Kwa hiyo yoga ya alfajiri, kabla ya mlima, iwe ya mwendo: kuinua mikono na kuishusha pamoja na pumzi, kuchuchumaa na kusimama, kuzungusha vifundo vya miguu, kusimama kwa mguu mmoja. Huo mkao wa mguu mmoja usidharauliwe. Njia ya Homa ina changarawe zinazoteleza, na kifundo kilichozoea kutafuta mizani ndicho kinachomwokoa mtu asitenguke. Dakika ishirini zatosha. Mikao ya kushikilia kwa muda mrefu ingoje jioni.

Uso wa Ziwa Victoria uko kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi, na kilele cha Homa ni mita 1,751. Basi kupanda kwenyewe ni kama mita 600, na hewa haijapungua kiasi cha kumdhuru mtu mzima mwenye afya. Adui ni jua na haraka. Kijana wetu alitaka kutufundisha kuhesabu mapigo ya moyo, lakini wazee hawakuwa na saa wala hamu. Tukatumia vitenzi. Kiswahili hutofautisha kupumua, kuhema na kutweta. Anayepumua huweza kusimulia hadithi huku akitembea. Anayehema hujibu kwa sentensi fupi. Anayetweta hana neno hata moja. Tukapatana kwamba mlimani tutakuwa watu wa kuhema, na mtu ye yote akianza kutweta kundi zima litasimama hadi arudi kwenye kuhema. Mizani hii ya maneno matatu ilitufikisha kileleni sote, akiwamo mwalimu mstaafu wa miaka sabini na zaidi.

Katika vituo vya kupumzika ndipo zoezi la pumzi linapofaa zaidi kuliko mkao wo wote. Mtu huvuta pumzi kwa hesabu ya tatu au nne, kisha huishusha polepole kwa hesabu ndefu zaidi, sita au saba. Kushusha pumzi polepole hupunguza kasi ya moyo. Ndiyo maana hata bila ya mwalimu ye yote mtu aliyeponea chupuchupu hushusha pumzi. Lugha ilikwisha kuliona hilo nalo.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, hurefushwa huku imebeba uzito, na maumivu yake hayaji siku hiyo bali kesho yake na kesho kutwa. Wauzaji wa likizo hupenda kusema kwamba yoga ya jioni huyaondoa. Si kweli kwa kiasi kinachodaiwa. Kunyoosha viungo hupunguza maumivu hayo kidogo sana. Faida ya yoga ya jioni ni nyingine: hutuliza, huleta usingizi, na humrudishia mtu hisia kwamba miguu bado ni yake. Kwa sababu hiyo siku ya tatu iwe ya kukaa, isiwe ya mlima mwingine. Anayetaka safari nyepesi aende Rusinga, kisiwa ambacho majivu ya volkeno ya kale ya Kisingiri yalihifadhi fuvu la Proconsul lililovumbuliwa na Mary Leakey mwaka 1948, na ambako Tom Mboya alizikwa mwaka 1969.

Mambo mengine ya tahadhari nitayataja upesi. Mlima ukwewe asubuhi, kwa kuwa alasiri radi na ngurumo ni jambo la kawaida katika ukanda huu, hasa miezi ya mvua. Msikae na miguu majini ufukweni hata kama picha za matangazo zinawaalika, kwa sababu konokono wa ziwa hili hubeba kichocho. Machweo ni saa ya mbu. Na msipange kukwea siku ya Jumamosi mkitegemea viongozi wa njia. Waadventista walijenga kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na hadi leo Jumamosi huko ni siku ya mapumziko kwa maana kamili ya neno.

Maiti hulazwa

Kipindi cha yoga humalizikia kwa mkao ambao Kisanskriti huuita shavasana. Mtu hulala chali, viganja juu, macho yamefumbwa, asifanye lo lote. Maana ya neno hilo ni mkao wa maiti. Jioni ile ya kwanza, tukiwa kwenye nyasi za ukingo wa Simbi, kiongozi alitoa maelekezo yake na mimi nikafasiri kwa uaminifu wa mwanafunzi wa isimu: "Sasa laleni kama maiti."

Hakuna aliyelala. Yule mwalimu mstaafu, aliyefundisha Kiswahili Kegonga kabla ya mimi kuzaliwa, alivaa viatu vyake taratibu, akanitazama, akasema, "Mura, maiti halali. Maiti hulazwa."

Nilikuwa nimekosa mara mbili. Kwanza, nilikuwa nimewaamuru watu wazima wajifanye wafu kando ya ziwa ambalo, kwa imani ya wenyeji, lina kijiji kizima chini yake. Pili, nilikuwa nimekosea sarufi. Kulala ni tendo la aliye hai, maiti hutendwa. Katika Kisanskriti neno hilo lina karne nyingi za mafunzo nyuma yake, na mwanafunzi huambiwa kwa nini aifanye maiti kuwa mwalimu wake. Mimi nililileta bila ya mzigo wake, likafika limebaki tusi. Kesho yake nilisema, "Mama zangu, baba zangu, laleni chali mpumzike," na wote wakalala, naye mwalimu akawa wa kwanza kukoroma.

Ningeliishia hapo kama volkeno zote zingekuwa zimezimika kama Homa. Lakini aliyeonja mlima mdogo huulizia mkubwa, na tulipokuwa njiani kurudi kijana wetu alizungumzia ndoto ya kupeleka kundi Ziwa Kivu, mahali ambapo ziwa na volkeno hai vimekaa mlango kwa mlango. Nyiragongo, mita 3,470, iko juu ya mji wa Goma. Ililipuka 10 Januari 1977, ikalipuka tena 17 Januari 2002, zaha ikapita katikati ya mji hadi ziwani na watu zaidi ya 100,000 wakakosa makao, kisha ikalipuka 22 Mei 2021. Mwezi Januari 2025 Goma ikatekwa na waasi wa M23. Hakuna mwenye akili timamu anayepanga likizo ya yoga hapo kwa sasa. Ila siku moja amani itapatikana, na watakaokwenda wataongozwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya Goma.

Waswahili wa Kongo ya mashariki wana neno mazuku, ambalo hufafanuliwa kuwa ni upepo mbaya. Ni vibonde na mashimo ambamo kabonidayoksaidi itokayo ardhini hujikusanya. Gesi hii haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini kama maji katika bakuli. Mtu mzima aliyesimama huweza kupita salama huku mtoto au mbuzi aliye ubavuni mwake akianguka. Mchana upepo na jua huitawanya. Usiku na alfajiri, hewa inapotulia, hujaa. Mashimo haya yapo kwa wingi katika mwambao wa kaskazini wa Kivu, kati ya Goma na Sake. Wanasayansi wa volkeno duniani kote hulitumia neno hilo hilo katika maandishi yao, bila ya kulifasiri, kwa kuwa waliowatangulia kulijua jambo walikuwa na jina lake tayari.

Hebu msomaji aifikirie likizo tunayoizungumzia: alfajiri, hewa tulivu, kibonde chenye nyasi kilichokingwa na upepo karibu na ziwa, watu wamelala chali, wanavuta pumzi ndefu. Kila sharti ambalo mwalimu wa yoga hulitafuta ndilo sharti la mazuku. Kiongozi aliyeelezwa hatari hiyo kwa Kiingereza tu, kisha akawaambia wageni wake kwamba kuna "gesi kidogo", hajawaambia kitu. Akisema "hapa pana mazuku, msikae wala msilale chini", mwenyeji atamwelewa mara moja, na mgeni atauliza maana, na kuuliza huko ndiko kutakakomwokoa.

Kwa ajili ya kundi litakaloondoka Kegonga likizo ijayo tumeandaa orodha fupi ya istilahi: mkao na mikao, mazoezi ya pumzi, mlalo wa mapumziko kwa shavasana, kasoko na ukingo wa kasoko, zaha, na mazuku kama ilivyo. Jambo moja limetushinda. Hatujapata neno moja linalofaa kwa ile hali ya dakika chache baada ya kutweta kukoma na kabla ya kuhema kwisha, pale mtu anapokuwa kileleni hawezi bado kusema lakini ameanza kuliona ziwa. Yule mwalimu mstaafu alisema kwao walikuwa nalo katika Kikuria, ila amelisahau. Msomaji mwenye neno hilo, la Kikuria, la Kiluo au la lahaja yo yote ya pwani, na alilete kwa mhariri.